Konyeza na Maji ya Jirani



Mnamo Novemba 2007, wafanyakazi wa shamba la samaki katika ghuba ya Glenarm, Ireland ya Kaskazini, waliondoka kwa mashua tatu kwenda kwenye vizimba vyao, mwendo wa kilomita moja na nusu hivi kutoka pwani. Safari hiyo fupi iligeuka kuwa taabu kubwa, kwani bahari ilikuwa imefunikwa na konyeza, ambao baadhi ya watu wa pwani yetu huwaita yavuyavu. Walikuwa wadogo, wa rangi ya zambarau, nao walitanda eneo la kilomita za mraba zipatazo 26, kwa kina cha mita 10 na zaidi. Mashua zilipofika, samoni zaidi ya 100,000 walikuwa wamekwisha kufa au wakikata roho. Hasara ilizidi pauni milioni moja.

Konyeza hana ubongo wala moyo, wala hamvizii mtu. Silaha yake imo katika minyiri yake, yenye maelfu ya vifuko vidogo mno, na kila kimoja kina sumu na uzi uliojikunja mfano wa kamba ya chusa. Kikiguswa tu, uzi huo hufyatuka na kuchoma. Vifuko hivyo hubaki na nguvu hata mnyiri ukikatika, na hata konyeza akiwa amekufa mchangani. Ndiyo maana mtoto anayemchezea ufukweni huungua, na mbwa anayemnusa huvimba midomo. Samaki wa baharini huweza kukimbia. Samoni wa Glenarm walikuwa wamefungiwa, na vipande vya minyiri vilipenya matundu ya nyavu na kuwachoma mashavu ya kupumulia.

Inafaa kukumbuka kwamba kisiwa cha Ireland kimegawanyika katika nchi mbili. Mwaka huohuo konyeza wa aina hiyo walionekana katika eneo kubwa la maji ya Ireland, wakichukuliwa na mkondo usiojua mpaka wowote.

Jambo hili latuhusu na sisi. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hutoka kusini mwa Tanzania kuelekea Kenya mwaka mzima, na wakati wa kusi huzidi nguvu. Kinachoelea leo mbele ya Tanga, hapana budi jirani yetu atakipokea. Na pande zote mbili za mpaka wamo wavuvi, wapiga mbizi na akina mama wanaolima mwani, ambao hushinda majini miguu mitupu.

Kuhusu tiba, yapo mazoea yanayodhuru. Kusugua kwa mchanga hufyatua vifuko vilivyosalia, na mkojo si dawa, ijapokuwa watetezi wake ni wengi. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 na wataalamu wa Galway na Hawaii, juu ya konyeza mkubwa wa bahari za kaskazini, ulionyesha kwamba maji ya bahari na barafu viliongeza madhara. Siki, kisha joto la nyuzi 45 kwa dakika 40, viliyapunguza. Si kila aina hutibiwa kwa siki, lakini maji ya moto yasiyobabua hutuliza maumivu ya aina nyingi. Anayepumua kwa shida, kutapika au kuumwa kifua apelekwe hospitali mara moja. Konyeza wa umbo la sanduku wa Australia ameua watu kwa dakika chache.

Kenya na Tanzania zote zina taasisi za utafiti wa uvuvi. Kinachohitajika si meli wala fedha nyingi, bali simu. Mvuvi wa Moa akikuta maji yamejaa konyeza, awe na mtu wa kumwarifu, na habari hiyo imfikie mwenzake wa Vanga kabla hajashuka majini.