Kizunguzungu hakiponi kwa kulala
(Maneno kwa wanachama, mkutano wa mwezi)



Katika kutembelea nyumba za waliorudi, nilikuta mama mmoja amelala mkekani miezi mitatu. Akigeuza kichwa tu, nyumba inazunguka. Alikuwa ameanguka na bidoni ya maji, toka siku ile akaacha shamba. Majirani walisema amelewa. Wengine: amelogwa. Watoto njo walikuwa wanalima.

Ndugu zangu, ndani kabisa ya sikio kuna vifereji vitatu vyenye maji. Kichwa kikigeuka, yale maji yanasogea, ubongo unajua mwili uko namna gani. Sikio moja likiharibika, kwa virusi ama kwa pigo la kichwa, ubongo unapata habari mbili zisizopatana. Kizunguzungu njo hicho.

Vidonge vinatuliza siku za kwanza. Lakini mtu akibaki amelala, ubongo haujifunzi. Katika miaka ya 1940, huko Uingereza, Cawthorne na Cooksey walitunga mazoezi kwa wagonjwa wa namna hii, hata walioumia kichwa. Mpaka leo yanasaidia.

Yule mama alipimwa, kisha kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamuonyesha: keti, nyoosha mkono, tazama kidole gumba, geuza kichwa kushoto na kulia, macho yasiache kidole. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Baadaye unasimama, halafu unatembea. Mwanzoni kizunguzungu kinazidi kidogo. Musiogope, mtu asimame karibu. Wiki ya sita alienda kisimani mwenyewe. Gizani bado anashikwa mkono.

Kuna kingine kinachokuja sekunde chache tu, ukigeuka kitandani. Ni vijiwe vidogo vya sikio vimetoka mahali pake. Kine anakulaza, anageuza kichwa kwa utaratibu, vinarudi. Mara nyingi siku moja inatosha.

Lakini mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakigoma, ama sikio likiziba ghafla: hospitali siku ile ile, si mazoezi.

Wafadhili, kidole gumba hakinunuliwi. Kinachotushinda ni pikipiki ya kumpeleka mgonjwa kupimwa na kumrudisha. Mutusaidie hapo.

Na sisi wanachama, jirani akiyumba, tusimcheke. Tumpe bega, atembee.