Motokaa Niliyojifunzia

(Haya ni maneno aliyoyasema mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya vijana waliomaliza mafunzo ya udereva, pamoja na wazazi wao.)



Nimeombwa niwaambieni machache juu ya udereva. Mimi si fundi wa motokaa, wala si mwalimu wa udereva. Kazi yangu ni kufasiri, yaani kuyatwaa maneno ya mtu mmoja na kuyafikisha kwa mwingine, yasipungue wala yasizidi. Lakini nilipofikiri sana niliona kwamba kazi hiyo sikuianzia ofisini. Niliianza mwaka 2006, nilipokuwa na umri wa miaka 18, ndani ya pikapu kuukuu ya mjomba wangu kule Kinangop. Basi nitawaelezeni habari za pikapu ile, na jambo moja ambalo lilitokea ndani yake kwa kosa langu.

Ilikuwa Peugeot 504. Wazee waliomo humu wanaijua vizuri, nao huiita Pijo. Motokaa za aina hiyo zilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na zikapendwa sana katika nchi yetu, kwa sababu zilivumilia mashimo na vumbi, na fundi wa kijijini aliweza kuzitengeneza kwa spana chache. Mjomba hakuinunua kwa kubahatisha. Alipokuwa kijana alikuwa utingo wa lori, na kila Pasaka alisimama kando ya barabara kutazama mashindano ya Safari. Alitusimulia mara nyingi kwamba mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni motokaa saba tu zilizofika mwisho wa safari, nyingine zote zikishindwa na matope. Na katika miaka yote miwili ya kwanza ilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Baadaye 504 nayo ikashinda, mwaka 1975 na mwaka 1978. “Motokaa iliyoshinda matope ya Safari,” alisema, “haitashindwa na matope ya Kinangop.”

Pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa shamba lake la pili. Alichukua viazi na kabichi za majirani, akavipeleka Naivasha na mara nyingine Nairobi, na kwa fedha hizo aliwalipia karo watoto wake wawili waliokuwa katika shule ya sekondari. Yafaa mlikumbuke jambo hili, kwa maana bila ya hilo hamtaelewa kwa nini mambo yalikwenda kama yalivyokwenda.

Nilipopata leseni ya kujifunza, nilidhani kwamba siku ile ile nitashika usukani. Haikuwa hivyo. Juma zima la kwanza mjomba alinifundisha kuizunguka motokaa. Kila alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba, nilitazama maji, mafuta ya injini, tairi moja moja, taa, na ardhi chini ya injini, nione kama kuna kitu kilichovuja usiku. Ndipo niliporuhusiwa kuvuta choki na kuiwasha. Gia zake zilikuwa ubavuni mwa usukani, nami nikazizoea kabla ya kuruhusiwa kusogea hata hatua moja.

Alinifundisha mambo mengine ambayo sikuyasikia baadaye shuleni. Kwa kuwa motokaa ile husukumwa na magurudumu ya nyuma, pikapu ikiwa tupu huteleza upesi katika matope. Kwa hiyo wakati wa mvua tulibeba magunia mawili ya mchanga juu ya magurudumu hayo. Tena, tulipoteremka kutoka Kinangop kwenda Naivasha tukiwa na mzigo, hakuniruhusu kuikanyaga breki njia nzima. Ilinipasa kuingiza gia ndogo tukiwa bado juu ya mteremko, ili injini yenyewe iizuie motokaa. Breki inayokanyagwa bila kupumzishwa hupata moto, na ikishapata moto sana haishiki tena, nawe utaikanyaga mpaka mwisho bila ya kupunguza mwendo. Wengi wamekufa kwa kutojua jambo hilo dogo.

Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa neno moja: “Sema.” Kila tulipokuwa njiani, awe yeye ndiye aendeshaye au mimi, alitaka nitaje kwa sauti kila nilichokiona mbele na pembeni. “Baiskeli, kushoto. Mbuzi wawili, kulia, hawana mchungaji. Mama ana mzigo kichwani, anataka kuvuka.” Nikinyamaza kidogo, aliniambia, “Sema unaloliona.” Nami nilifikiri kwamba ndivyo madereva wote wanavyofundishwa. Kwa kweli ni mafundisho mazuri sana, kwa maana mtu hawezi kutaja asichokitazama. Ninyi mliosogeza kile kigari cha mfano juu ya ubao wa mji, mkimweleza mwalimu mnakokwenda na sheria mnayoifuata, mnajua maana ya kuyasema mambo ya barabara kwa kinywa.

Miezi miwili ilipopita nilianza kuona mambo ambayo sikuyaelewa. Mjomba aliweza kusoma kibao kilicho mbali mbele yetu kabla sijakisoma mimi. Lakini asubuhi moja aliukwaruza mwimo wa lango lake mwenyewe kwa ubavu wa kushoto, lango alilolipita kwa miaka mingi. Akasema kwamba jua lilimpiga machoni. Jua lilikuwa nyuma yetu. Siku nyingine jirani alimpa mkono, naye asiuone mkono ule mpaka jirani alipomwita jina. Mezani alikigonga kikombe kilichokuwa kando yake. Niliyaona yote hayo, nikayaunga moja kwa moja, nikajua kwamba macho ya mjomba yana kasoro, na kwamba ananiambia “Sema” kwa kuwa anahitaji kuambiwa.

Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba ni heshima. Mtoto wa dada atamwambiaje mjomba wake, mtu aliyeendesha tangu kabla yeye hajazaliwa, kwamba hafai tena kushika usukani? Tena nilikumbuka ile karo. Pikapu ikisimama, na watoto nao watarudi nyumbani. Kwa hiyo nilikaa na habari ile moyoni kwa majuma matatu.

Siku moja tulipeleka viazi Naivasha. Pale sokoni vijana wa pikapu nyingine walikuwa wamesikia habari za kule kutaja kwangu, wakaanza kunicheka. “Huyu asoma barabara kama mtoto wa darasa la kwanza! Mbuzi, kulia! Kuku, kushoto!” Niliona haya sana. Tulipogeuka kurudi nyumbani, mjomba akiendesha, sikutaka kutaja kitu. Aliniambia, “Sema.” Nikamjibu, “Barabara ni nyeupe.” Tukaenda. Jua likawa linatua. Akaniambia tena, “Sema.” Nikamjibu tena maneno yale yale, “Barabara ni nyeupe, Mjomba.”

Haikuwa nyeupe. Mbele yetu, upande wa kushoto, msichana wa miaka kama tisa alikuwa akija na kopo la maziwa. Nilimwona tangu akiwa penye mti ulio mbali. Nilidhani kwamba mjomba naye amemwona, kwa maana mtu yeyote angemwona. Alianza kuvuka. Pikapu haikupunguza mwendo. Nikapiga kelele, mjomba akaikanyaga breki, lakini tulikuwa tumechelewa.

Mungu ni mwema, ndugu zangu. Ncha ya bampa ililigonga kopo, si mtoto. Kopo liliruka, maziwa yakamwagika juu ya boneti na barabarani, na mtoto akaanguka mtaroni. Aliinuka akilia, goti lake limechubuka. Hatua moja zaidi, nami nisingesimama hapa leo nikiwaambieni habari hizi kwa sauti hii.

Tulimpeleka zahanati, kisha kwa wazazi wake, kisha tukaenda kituo cha polisi kuandikisha ajali, kwa maana ndivyo sheria inavyotaka hata kama jeraha ni dogo. Mjomba alilipa maziwa na kopo. Tulipotoka kituoni giza lilikuwa limeingia. Alisimama kando ya pikapu, akaniuliza:

“Ulimwona?”

“Nilimwona, Mjomba.”

“Tangu wapi?”

“Tangu penye mti.”

Alikaa kimya kwa muda. Nilingoja anipige, nami ningepokea. Kisha akasema, “Mimi sikumwona hata kopo lilipogongwa. Nilisikia tu.” Akanipa ufunguo. Akazunguka motokaa kwa kuipapasa kwa mkono, akaingia upande wa kushoto, akakaa. Tangu usiku ule hakukaa tena upande wa dereva.

Siku ya pili tulikwenda hospitali ya macho. Daktari alimpima, akasema kwamba ni ule ugonjwa ambao watu wengi huuita presha ya macho. Akatueleza maneno ambayo sitayasahau. Kwa watu wengi ugonjwa huu hauumi. Huanza kuula upande wa pembeni wa macho, ukiacha katikati, hata mtu akawa kama anayetazama kwa kupitia mwanzi: kilicho mbele hukiona vizuri, na kilicho ubavuni hakijui. Kwa hiyo huweza kusoma kibao cha mbali, naye asimwone mtoto aliye karibu. Sehemu iliyokwisha kupotea hairudi, lakini dawa ya matone, ikitiwa kila siku, huweza kuizuia iliyobaki isipotee. Laiti angalikwenda mapema, angaliokoa sehemu kubwa ya macho yake. Na yale majuma matatu ya ukimya wangu yalikuwa ndani ya muda huo uliopotea.

Mjomba alikiri kwamba alikuwa amejua kwa karibu mwaka mmoja. Hakwenda hospitali kwa kuogopa kuambiwa aache kuendesha. Alinifundisha mimi ili niwe macho yake, lakini hakuweza kulisema jambo hilo kwa kinywa. Basi tulikuwa watu wawili ndani ya motokaa moja, kila mmoja akimficha mwenzake jambo ambalo wote wawili walilijua. Na aliyekaribia kulipa deni hilo alikuwa mtoto wa watu.

Nilifanya mtihani wa udereva nikafaulu. Nafasi yangu ya masomo niliiahirisha kwa mwaka mmoja, nikaendesha pikapu ile ili karo isikatike. Mjomba alikaa kushoto kwangu kila siku, naye aliniambia, “Sema,” nami nilisema. Nilimtajia kila kitu: mbuzi, baiskeli, mama mwenye mzigo, mvua inayokuja kutoka milimani. Vijana wa sokoni walicheka mpaka wakachoka. Ndiyo maana nimesema kwamba kufasiri kwangu kulianzia pale. Sikupunguza wala sikuzidisha.

Sasa, ninyi mnaopokea leseni, nitawaambieni mambo matatu, kisha nitakaa.

La kwanza, pimeni macho yenu, na wapelekeni wazazi wenu wakapimwe, hasa wakipita miaka 40. Ugonjwa huu hufuata ukoo, na sisi Waafrika hutupata kwa wingi na mapema kuliko watu wengine. Mimi hupimwa kila mwaka. Msingoje maumivu, kwa maana huenda yasije.

La pili, siku itakapofika ya kuutoa ufunguo, toeni wenyewe. Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini asiye nayo imempasa aambiwe, na kuambiwa si kudharauliwa.

La tatu ni lenu ninyi vijana, na ndilo zito kuliko yote. Mtakaa kando ya dereva aliyelewa, au aliyechoka, au anayekimbia kupita kiasi, na pengine atakuwa mjomba wenu, au mwajiri wenu, au mwanamume mnayemwogopa. Mtasema moyoni kwamba ni heshima kunyamaza. Nimewaelezeni bei ya heshima ya namna hiyo: ilikuwa kopo moja la maziwa, nayo ilikaribia kuwa roho ya mtoto. Anayemheshimu dereva humwambia.

Pikapu ile iliuzwa miaka mingi iliyopita. Mjomba yu hai, amebakiwa na mwanga kidogo, na watoto wake wote wawili walimaliza shule. Nikimtembelea huketi naye mlangoni, mahali pa kutazama barabara. Hunipa nafasi ya kukaa, hunywa chai yake, kisha huniambia, “Haya, sema.”