Deni Si Ruhusa ya Kutukanwa

Deni ni deni, lilipwe. Lakini mkopo wa simu haumpi mtu ruhusa ya kukutukana, wala kumpigia shemeji yako au mwalimu wa mtoto kumwambia unadaiwa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zimekataza hayo. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa mambo ya aina hiyo.

Wakikutishia polisi, usitetemeke. Kushindwa kulipa mkopo pekee si jinai, na hupelekwi jela ya madeni bila amri ya mahakama. Anayekuja kuchukua mbuzi, muulize leseni ya udalali. Hana? Mbuzi wabaki zizini, na chifu aitwe.

Jumbe za matusi msizifute, ingawa zinauma. Zipigeni picha, andikeni tarehe na namba iliyopiga, mpeleke malalamiko kwa Kamishna. Fomu iko kwenye tovuti yake. Vijana, wasaidieni wazee kuijaza.