Mwandishi wa Upelelezi Anapotuchekesha

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita.)



Juma hili nimepokea barua kutoka Ngara. Siku hizi wengi wenu hunitumia ujumbe wa simu, lakini mwenzetu huyu ameandika kwa kalamu, kurasa mbili na nusu za daftari, na ameandika kwa hasira. Anasema yeye ni msomaji wa Bwana Msa tangu ujana wake. Alianza na Mzimu wa Watu wa Kale, akaendelea na Kisima cha Giningi, na vitabu hivyo viwili amevisoma mpaka majalada yametoka. Hivi karibuni mwanawe alikwenda Mwanza akamletea Duniani Kuna Watu, cha mwandishi yule yule. Mzee akawasha taa, akakaa kitako, akangoja maiti ionekane.

Badala yake, anasema, amekuta maneno ya watu: nani kamwoa nani, nani ni mtoto wa nani, nani anaficha nini. Ameandika hivi: "Nimecheka, sikatai. Lakini mimi sikuagiza kitabu nipate kucheka." Kisha ananiuliza kama mwandishi ana haki ya kumgeuka msomaji wake namna hiyo.

Ni swali zuri, nami sitalijibu haraka.

Kwanza tumkumbuke mwenyewe. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mtu wa magazeti; kwa miaka mingi, hadi alipostaafu mwaka 1968, alikuwa mhariri wa Mkulima. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Ndani yake akatupa Bwana Msa na kiko chake, na pembeni rafiki yake Najum. Hapo wasomaji wa Kiswahili wakapata mpelelezi wao. Waliosoma Kiingereza walisema huyu ni Sherlock Holmes aliyehamia Unguja, na hawakukosea sana. Ila sidhani kama Holmes angelielewa baraza la Kiunguja, ambako habari zote za mji hupita kabla ya kahawa kupoa.

Vitabu viwili vya mwanzo vina mauaji, vina fumbo, vina siku ya kufumbuliwa. Kisha mwaka 1973 kikatoka Duniani Kuna Watu, na upelelezi si uti wa mgongo tena. Kinachokusukuma kufungua ukurasa wa pili ni mkorogano wa ndoa, nasaba na siri za majumbani. Mwaka 1975 akatoa kitabu akakiita Mke Mmoja Waume Watatu, na jina lenyewe tayari linakutoa tabasamu. Mwaka 1984 kikaja Kosa la Bwana Msa. Fikiri: yule asiyekosea, kosa lake likawekwa juu ya jalada!

Kwa hiyo mzee wa Ngara hakuota. Mwandishi alibadilika kweli. Wapo waliomsifu kwa hilo, wakasema sasa ameacha kuiga wageni na anawaandika watu wake. Na wapo, kama huyu mzee, waliohisi wameibiwa. Mimi nasema pande zote mbili zina haki, lakini wenye hasira hawasikilizwi vya kutosha. Wasomi huwaona kama watoto walionyimwa peremende.

Hebu nitoke nje kidogo. Marekani alikuwako mwandishi mmoja, Donald Westlake, aliyeandika habari za jambazi mkavu aitwaye Parker, mtu asiyetabasamu. Vitabu hivyo aliviandika kwa jina la bandia, Richard Stark, kuanzia mwaka 1962. Siku moja akabuni kisa ambacho Parker analazimika kuiba kitu kile kile mara kwa mara, kwa sababu kila akikipata kinamponyoka. Akaona kinamchekesha yeye mwenyewe anayekiandika. Jambazi mkali akichekwa mara moja, basi ukali wake umekwisha. Westlake akafanya jambo la busara: alimwondoa Parker katika kisa hicho, akamweka mwizi mwingine mwenye mkosi aitwaye Dortmunder, na mwaka 1970 akakitoa kwa jina lake halisi, The Hot Rock. Aliyetaka kuogopa alijua amtafute Stark, na aliyetaka kucheka alijua amtafute Westlake. Mtu ni yule yule, mezani ni pale pale.

Muhammed Said Abdulla hakufanya hivyo. Alibaki na jina lake, akabaki na Bwana Msa. Mnunuzi wa kitabu hana namna ya kujua mpaka afike ukurasa wa hamsini, na hapo fedha imekwisha toka. Katika hili namuunga mkono mzee wangu. Jina la mwandishi juu ya jalada ni kama kibao cha duka. Ukiandika hapa nauza chumvi, mtu akaja na kikapu chake kutoka mbali, usimpe sukari kisha umwambie kwamba sukari ni tamu zaidi.

Lakini msinifahamu vibaya. Sisemi kwamba uhalifu na kicheko haviwezi kukaa nyumba moja. Mbona tumelelewa navyo? Sungura wa hadithi za bibi ni mwizi wa mashamba, ni mwongo, na wenzake kadhaa wamekufa kwa hila zake, nasi tulimcheka mpaka tukashikwa na usingizi. Wale tuliokuwa na redio enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam tulikaa kimya kuwangoja Pwagu na Pwaguzi, na majina yenyewe yametoka katika msemo wa mwizi aliyekutana na mwizi kumzidi. Hakuna aliyeandika barua kudai wakamatwe. Tulijua tangu mwanzo tumeitwa kucheka.

Tofauti ni hiyo, ya kujua umeitwa kwenye nini. Na kuna mahali na nyakati ambapo tofauti hiyo si jambo dogo. Niruhusuni nieleze jambo lililonikuta mwenyewe, kwa maana barua hii ya Ngara imenikumbusha.

Mwaka 1997 nilikuwa mwalimu Biharamulo. Ninyi mnaonisikiliza mkiwa Dar es Salaam na Mwanza huenda mmesahau hali ya wilaya zile mbili wakati ule. Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara kwa muda wa saa 24. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa ndani ya siku chache. Wengi wao walikuja na mkeka na sufuria tu, na sitaki mtu yeyote aseme nimewaita wakimbizi majambazi. Lakini silaha nazo zilivuka, na kambi zilipofungwa mwishoni mwa 1996 silaha hazikurudi zote. Njia za mapori zikawa za kutekwa. Ukitoka Biharamulo kwenda Muleba na Bukoba ulipita pori la Kasindaga, na mabasi yalikuwa yakikusanywa kusubiri polisi wenye bunduki wayasindikize. Abiria walificha fedha kwenye soksi, kwenye unga, kwenye nepi za watoto. Majambazi nao walikuwa wanajua habari za soksi, za unga na za nepi.

Siku hiyo nilikuwa nakwenda Bukoba kufuatilia mshahara. Tulikaa kwenye kizuizi zaidi ya saa mbili tukingoja polisi. Nilikuwa na Duniani Kuna Watu mfukoni, nimekiazima kwa mwalimu mwenzangu, na kusema kweli nilikichukua kwa sababu ile ile ya mzee wa Ngara. Nilitaka kupita pori lile nikiwa na Bwana Msa. Nilitaka kukaa kwa muda katika dunia ambayo mtu mmoja mwenye akili anakaa kitini, anavuta kiko, na mwishowe anamnyoshea kidole aliyetenda.

Nami pia nilikasirika! Kila nikifungua ukurasa nakuta umbea. Nikataka kukifunga. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu na kapu la senene akaniuliza mbona nakunja uso, nikamwambia kitabu hiki kinapiga domo tu. Akasema, mwanangu, basi tusomee na sisi hilo domo, maana hapa tunasikia mioyo yetu tu.

Nikasoma kwa sauti. Msikilizaji, sijapata kuona tena basi la namna ile. Kwanza akacheka yule mama, kisha kondakta, kisha viti vya nyuma wakaniambia nipaze sauti. Watu waliokuwa wameshika matiti ya viatu vyao kwa hofu, samahani kwa lugha hii, lakini ndivyo walivyoinama, wakaanza kubishana juu ya ndoa za Waunguja kana kwamba ni za majirani zao. Nikajiambia, kumbe mwandishi alijua zaidi yangu.

Alikuwako mtu mmoja kiti cha mbele yangu ambaye hakucheka. Alikuwa mfanyabiashara wa maharage, mwenyeji wa Ngara, Mhangaza. Alinigeukia akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, katika kitabu hicho, aliyeua anakamatwa?" Nikamjibu kwamba habari yenyewe haiendi hivyo, hiki si kama vile vingine. Akanyamaza. Yule mama akaninong'oneza kwamba mdogo wake mtu huyo aliuawa kwa risasi katika basi miezi mitano nyuma, njia hiyo hiyo, na mpaka siku ile hakuna aliyeshikwa.

Nikafunga kitabu. Wengine wakalalamika niendelee, na sikujua nimtii nani. Mama wa senene alikuwa na haki ya kicheko chake. Ndicho kilichomvusha saa mbili zile. Na yule bwana hakuwa adui wa kicheko. Hakusema tunyamaze. Aliuliza swali moja tu, swali ambalo polisi hawakumjibu wala mahakama haikumjibu, akatumaini labda kitabu kitalijibu. Kwa watu wa hali yake hadithi ya upelelezi si mchezo wa kupitisha muda. Ni mahali pekee ambapo deni hulipwa. Mwandishi akiondoa ulipaji huo akaweka kichekesho, hata kiwe kizuri namna gani, huyu anabaki na deni lake mkononi huku wenzake wanacheka.

Kwa hiyo, mzee wangu wa Ngara, jibu langu ndilo hili. Mwandishi ana haki ya kubadilika, kwa kuwa naye ni mtu, na Muhammed Said Abdulla, aliyefariki mwaka 1991, hakutuuzia kitu kibovu. Lakini wewe nawe una haki ya kukasirika, na asikuambie mtu kwamba hujui kusoma. Kisome tena wakati mwingine, ukijua safari hii umeitwa kwenye baraza.

Polisi walikuja, tukavuka Kasindaga salama. Tulipofika Bukoba yule bwana wa maharage aliniuliza kile kitabu kingine, kile ambacho muuaji anakamatwa, kinaitwaje. Nikamwandikia jina kwenye kipande cha karatasi. Akasema Ngara hakipatikani. Mwezi uliofuata nikampelekea nakala yangu ya Mzimu wa Watu wa Kale kwa mkono wa kondakta. Haikurudi, wala sikuidai.

Kwaherini, tukutane Jumapili ijayo.