Barua Zilizolala Kwihara: Somo la Tovuti kwa Wenye Biashara Ndogo

Mwalimu wa darasa ashike chaki, na kila mwanafunzi awe na daftari lake na kalamu. Leo tuna maneno mapya manne: tovuti, kikoa, seva, na neno la siri. Mwalimu ayaandike ubaoni. Tutayaeleza moja moja, wala msiyaogope. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa tayari na wajukuu hawezi kushindwa na maneno manne.

Kabla ya kuanza, twende kwanza Kwihara. Kwihara iko karibu na mji wa Tabora, upande wa kusini-magharibi. Hapo lipo tembe ambalo leo ni makumbusho. Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita katika nchi hii ya Unyanyembe. Wapagazi walitua mizigo, wakapumzika, wakanunua chakula, kisha wakaendelea na safari.

Mwezi wa Juni 1871, Henry Morton Stanley alifika hapa akimtafuta Daktari Livingstone. Alikuta mfuko wa barua za Livingstone, ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, mfuko ule ulikuwa umetoka Unguja, ukakawia Bagamoyo zaidi ya miezi mitatu, ukafika Unyanyembe, ukalala hapo. Mwenye barua alikuwa mbele, upande wa Ujiji. Waliotumwa kumpelekea walikuwa bado hawajaondoka. Kisha mwezi wa Agosti vikazuka vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, na njia ikafungwa. Stanley aliuchukua mfuko, akapita njia ya kuzunguka, akamkabidhi Livingstone mwenyewe huko Ujiji mwezi wa Novemba 1871. Barua zilikuwa zimechukua mwaka mzima.

Wanafunzi wangu, wekeni habari hii akilini. Barua ile iliandikwa vizuri na mwenyewe alikuwa hai. Kilichokosekana ni mtu wa kuitazama na kuifikisha. Tutarudi kwenye jambo hili.

Sehemu ya kwanza: Tovuti ni nini?

Tovuti ni kurasa za maandishi na picha zinazowekwa katika intaneti, ili mtu yeyote mwenye simu inayofaa aweze kuzisoma, awe Tabora, Mombasa au Muscat. Aliyebuni mpango huu ni Mwingereza, Tim Berners-Lee, alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CERN, huko Uswisi. Alitoa shauri lake mwaka 1989, na tovuti ya kwanza ikafunguliwa kwa watu mwaka 1991. Mwaka 1993 CERN ilitangaza kwamba mtu yeyote aweza kuutumia mpango huo bila kulipa. Ndiyo maana leo mwuza asali wa Unyanyembe aweza kuwa na tovuti sawasawa na kampuni kubwa ya Ulaya.

Basi, fikirini juu ya tembe. Tembe lina mambo matatu. Kwanza, lina jina ambalo msafiri hulitaja akiuliza njia. Pili, lina kiwanja. Tatu, lina vyumba na vitu vilivyomo. Tovuti ni vivyo hivyo. Jina lake huitwa kikoa. Kiwanja chake ni seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana, ambamo kurasa zako zimewekwa. Vyumba vyake ni kurasa zenyewe.

Huenda mtu mmoja akauliza: "Mwalimu, mimi natangaza biashara yangu katika mitandao ya jamii, bila gharama. Tovuti ya nini?" Swali zuri. Kutangaza huko ni kama kupanga bidhaa katika soko la mtu mwingine. Wanunuzi ni wengi, na yafaa uwepo. Lakini mwenye soko akibadili masharti, au akifunga kibanda chako, huna la kusema. Tovuti ni nyumba yako. Afadhali kuwa na vyote viwili: tangaza sokoni, kisha uwaelekeze wageni nyumbani.

Tena nisiwadanganye. Kama unauza nyanya kwa majirani tu, tovuti haikufai. Fedha hiyo nunua mbegu. Tovuti humfaa mwenye mnunuzi wa mbali: mwuza asali, fundi wa samani, mwenye nyumba ya wageni, au kijana anayewaongoza watalii kwenda kuona tembe la Kwihara.

Sehemu ya pili: Kosa langu

Sasa nitawaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili lisiwapate ninyi.

Miaka kadhaa iliyopita niliwasaidia akina mama wa kikundi kimoja cha asali kutengeneza tovuti. Sitakitaja kikundi chao. Kazi ilikuwa nzuri, na picha za mizinga zilipendeza. Lakini wakati wa kusajili jina, hakuna hata mmoja aliyekuwa na anwani ya barua pepe. Nami, kwa haraka, nikaandika ya kwangu. Neno la siri nikalihifadhi mimi. Nikaona nimewarahisishia.

Baadaye nikahamishwa kituo, na anwani ile ya kazi nikaacha kuitumia. Wakati wa kulipia jina kwa mwaka mwingine ukafika. Barua za kukumbusha zikaja katika sanduku ambalo hakuna aliyelifungua. Jina likaisha muda, tovuti ikazimika. Akina mama hawakujua. Walidhani wanunuzi wamepungua kwa sababu ya msimu.

Siku moja mfanyabiashara wa Dar es Salaam alikutana na mwenyekiti wao mnadani. Alimwambia kwamba alikuwa ameandika mara mbili akitaka ndoo kumi za asali. Hakujibiwa, na alipotazama tena akakuta tovuti haipo. Alidhani kikundi kimekufa, akanunua kwa wengine.

Nilipokwenda kuomba radhi, yule mama alinikaribisha kwa maji ya kunywa, kisha akasema, "Mwanangu, ulitujengea nyumba, ukaondoka na ufunguo." Sikuwa na jibu. Barua za mnunuzi zilikuwa zimelala, kama zile za Kwihara, na mlinzi wa mfuko nilikuwa mimi.

Sehemu ya tatu: Jina na mahali

Kwa hiyo, jambo la kwanza: kikoa kisajiliwe kwa jina la biashara yenyewe, na kwa barua pepe ya biashara yenyewe. Kijana akikusaidia kujenga, mshukuru na umlipe, lakini ufunguo ubaki kwako.

Hapa Tanzania, majina yanayoishia na .tz yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA. Huyanunui moja kwa moja huko. Unakwenda kwa wakala wa usajili aliyeidhinishwa. Biashara nyingi huchukua jina linaloishia na .co.tz. Jina hili ni kama kodi ya pango: hulipiwa kwa muda, mathalan mwaka mmoja, kisha hulipiwa tena. Usipolipa, hupotea, na mtu mwingine aweza kulichukua.

Msichanganye jambo hili na usajili wa jina la biashara. Huo hufanywa BRELA. Aliyesajili BRELA hajapata kikoa, na aliyenunua kikoa hajasajili biashara. Ni milango miwili.

Chagua jina fupi ambalo mtu akilisikia redioni aweza kuliandika bila kukosea. Jaribu hivi: litamke mbele ya jirani mara moja tu, umwombe aliandike. Akikosea, tafuta jingine.

Sehemu ya nne: Nini kiandikwe?

Mgeni anayefungua tovuti ana maswali manne. Yaandikeni: Unauza nini? Bei gani? Uko wapi? Nikupateje? Tovuti inayojibu maswali haya yatosha, hata ikiwa ni ukurasa mmoja. Maneno ya kujisifu hayajibu hata moja.

Tuchukue asali. Ukiandika "ndoo moja", mnunuzi wa mbali hajui ndoo gani. Andika kipimo. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Basi ndoo ya lita 20 ina kilo ngapi? Hesabuni. Ni kilo 28. Mkiuza kwa kilo huku mnunuzi akifikiri ni lita, ugomvi utazuka na kila mmoja atajiona ana haki.

Andika kweli tu. Kanuni za kimataifa za chakula, ziitwazo Codex, zinataka maji katika asali, kwa jumla, yasizidi asilimia 20. Ukiwa umepima, andika kipimo chako. Ukiwa hukupima, usiandike. Wala usiseme kwamba asali yako huponya kila ugonjwa. Mnunuzi wa karibu huonja. Mnunuzi wa mbali hana ila neno lako.

Sasa picha. Mgeni hulipia intaneti kwa fedha yake. Picha moja kutoka simu nzuri yaweza kuwa na MB 4. Ukiweka picha tano, ni MB 20. Ukizipunguza ziwe KB 200 kila moja, picha tano ni KB 1,000, yaani MB 1 tu. Mgeni ametumia sehemu moja kati ya ishirini, na ukurasa umefunguka upesi hata mahali penye mtandao hafifu. Zipo programu za bure za kupunguza picha. Kijana yeyote mwenye ujuzi wa simu atakuonyesha.

Za kujengea kurasa zipo pia. Mojawapo ni WordPress, iliyotoka mwaka 2003, nayo yenyewe haiuzwi. Utalipia kikoa na nafasi katika seva, na fundi ukimhitaji. Mwulize fundi bei ya mwaka wa kwanza na bei ya mwaka wa pili, maana mara nyingine hazilingani.

Sehemu ya tano: Kutunza

Tembe lisilosiribwa huvuja mvua ya kwanza. Tovuti nayo yataka matunzo. Tengenezeni ratiba hii, muibandike ukutani penye biashara.

Kila siku: fungua ujumbe wa wateja, ujibu. Hata kama asali imekwisha, jibu "imekwisha, tutakuwa nayo msimu ujao." Mnunuzi aliyejibiwa hurudi.

Kila mwezi: soma tovuti yako kama mgeni, kwa simu ya mtu mwingine. Je, bei ni za sasa? Namba ya simu ni ile ile? Kisha ruhusu programu zipate marekebisho mapya, kwa maana wezi hupita katika matundu ya programu za zamani.

Kila miezi mitatu: chukua nakala ya kurasa zako, uiweke mahali pengine mbali na seva. Seva ikiharibika, hutaanza upya.

Kila mwaka: lipia kikoa na seva mwezi mmoja kabla ya muda kwisha. Tarehe hiyo iandikwe katika daftari la mikutano, si katika kichwa cha mtu mmoja. Watu wawili wa kikundi waijue.

Neno la siri liwe refu, lisiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Liandikwe katika bahasha, lifungiwe na mweka hazina pamoja na risiti. Mtu akikuletea ujumbe kwamba tovuti itafungwa leo usipolipa kwa namba fulani, usilipe. Mpigie wakala wako kwa namba unayoijua. Namba ya siri ya fedha za simu usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka ofisi gani.

Neno la mwisho ni heshima. Majina na namba za wateja ni amana. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi wa Mei 2023. Usitangaze namba ya mteja wala picha yake bila ridhaa yake.

Na wale akina mama? Jina lao la zamani halikupatikana tena. Walisajili jingine, safari hii kwa anwani yao wenyewe. Mwenyekiti alijifunza kufungua barua pepe akiwa katika darasa kama hili lenu. Kila asubuhi huvaa miwani yake na kutazama kama kuna barua. Nami hawaniitii tena jambo hilo, na nafurahi kwamba hawanihitaji.

Kazi ya nyumbani

1. Andika maneno mapya manne, na ueleze kila moja kwa sentensi moja.
2. Chagua biashara moja kijijini kwenu. Andika majibu ya maswali manne ya mgeni.
3. Asali ya lita 5 ina uzito wa kilo ngapi?
4. Jadilianeni darasani: katika kikundi chenu, ni nani anayeshika ufunguo, na akiondoka, nani atajua?

Mpaka somo lijalo, kwaherini, na kila la heri katika masomo yenu.