Nyumba Kongwe na Haki Zake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.



Maneno ya leo yahusu nyumba kongwe zilizoachwa, na mtu mwenye nia ya kununua mojawapo ili aifufue. Mifano imechukuliwa Unguja na Lamu, kwa kuwa huko nyumba za mawe za pwani zimebaki kwa wingi. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001. Wala habari hizi si ngeni kwa watu wa bara. Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, mfanya biashara ya pembe na watumwa ambaye jina lake lilivuma hata Kasongo na maporomoko ya mto Kongo, alikuwa na nyumba yake Shangani, na mauti yalimkuta Unguja mwaka 1905. Nyumba ile baadaye ilikaliwa na jamaa nyingi mbalimbali, ikachakaa kwa miaka mingi, na wapita njia wakawa wakistaajabia mlango wake huku wakisikitikia kuta zake.

Watu husema kuwa nyumba kama hizi hufa kwa uzee. Lakini Lamu zimo nyumba zilizojengwa katika karne ya kumi na nane, na hata leo zimesimama na zidaka zake ukutani. Ukuta wa mawe ya matumbawe, wenye unene wa zaidi ya dhiraa moja, hudumu muda mrefu sana ukiwa mkavu. Adui yake ni maji. Dari ikivuja, maji hushuka ndani ya ukuta, yakalegeza chokaa na udongo ulioshika mawe. Ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza kwanza, mahali ambapo jicho halifiki. Kisha mbegu iliyodondoshwa na ndege huota ufani, na mizizi ikaendeleza kazi iliyoanzwa na mvua. Siku moja ya masika sakafu ya juu huanguka, na majirani wakasema ni ajali, hali dari imevuja miaka kumi.

Basi yafaa kuuliza: dari iliachwaje kuvuja miaka kumi, na nyumba ina wenyewe? Jawabu la mara nyingi ni kwamba wenyewe ni wengi mno.

Tuseme mtu amefariki, wazazi wake wametangulia, naye ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na watatu wa kike. Nyumba hugawanywa mafungu manane: mke hupata fungu moja, kila mwana wa kiume mafungu mawili, na kila mwana wa kike fungu moja. Hesabu imetimia, na kila mtu ameijua haki yake. Lakini nyumba haikukatwa vipande vinane. Imebaki moja, na dari yake moja. Wana nao wakifariki pasipo kugawana wala kuuziana, mafungu manane huwa thelathini, na thelathini yakawa mia. Mmoja yuko Maskati, mwingine Mombasa, mwingine Bujumbura. Ikija gharama ya dari, kila mmoja humtazama mwenziwe. Na ikija kodi ya chumba, kila mmoja huidai. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa ukuta mara nyingi huanza katika ufa wa warithi.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi mwenye akili haanzi na fundi. Huanza na haki. Asiridhike na saini ya ndugu mmoja aliyeko mjini kwa kuwa ndiye mwenye funguo. Fungu la asiyekuwapo haliuzwi na aliyepo, ila kwa idhini yake. Na ailazimishe nafsi yake kuona karatasi ya mirathi iliyotoka mahakamani, na kulitafuta kila jina lililoandikwa humo, hata kama kazi hiyo itachukua mwaka. Nyumba iliyotengenezwa kwa mali nyingi, kisha akatokea bibi mmoja mwenye fungu ambaye hakuulizwa, haina raha ndani yake.

Aulize tena kama nyumba ni wakfu. Katika Mji Mkongwe nyumba za wakfu ni nyingi, na nyingine zi mkononi mwa serikali. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, haipewi mtu zawadi, wala hairithiwi. Awezalo mtu ni kuikodi na kuitunza kwa masharti. Na hapa pana hekima inayosahauliwa. Wanavyuoni wa sheria walitanguliza matengenezo ya mali ya wakfu kabla ya kugawa faida yake. Kodi ikipatikana, kwanza hutazamwa dari na kuta, ndipo hupewa wanaostahiki. Lau kila nyumba yenye warithi wengi ingeendeshwa kwa desturi hiyo, chache sana zingeanguka.

Haki ya tatu ni ya wakaao ndani. Nyumba iliyoachwa na wenyewe haikosi watu: yumo mjane aliyepanga chumba miaka ishirini, yumo mchukuzi na watoto wake. Kuwatoa wakati wa masika kwa sababu hawana karatasi ni kuanza jengo kwa machozi. Wapewe muda, watafutiwe makao. Na gharama hiyo iandikwe katika hesabu ya nyumba pamoja na bei ya mawe.

Haki zikiisha kutengenezwa, ndipo kazi ya mikono huanza. Yampasa mnunuzi kuzigawa fedha zake tangu mwanzo, fungu la kununua lisile fungu la kujenga. Wengi wamenunua kwa furaha wakabaki na ufunguo tu.

Kazi ya kwanza ni kuegemeza: kuweka nguzo chini ya sakafu na kuta zilizolemea, kabla ya kugusa hata jiwe moja. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lililodhoofika ni hatari hata siku linapotibiwa, na fundi asiyeliogopa si wa kuajiriwa.

Kazi ya pili ni dari na njia za maji. Dari ikiisha kuzibwa na mifereji ikasafishwa, kuta ziachwe zikauke. Mwenye haraka hupaka rangi kwanza ili wageni waone. Rangi humenyuka, na chumvi ikatokea juu yake.

Kazi ya tatu ni boriti. Boriti ya mkoko ina urefu wa kadiri ya dhiraa sita, yaani chini kidogo ya mita tatu, na hiyo ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba: upana wa chumba uliamriwa na mti. Zilizooza hubadilishwa moja moja, nyingine zikiwa zimeegemezwa, wala haziondolewi zote kwa siku moja, kwa kuwa boriti huzishika kuta zisiachane.

Kazi ya nne ni chokaa, na hapo ndipo wengi hukosea wakidhani wanafanya wema. Chokaa ya kale hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ilale muda mrefu kabla ya kutumiwa. Nayo ni laini, hupumua pamoja na ukuta. Unyevu ukiingia hupata pa kutokea. Saruji ni ngumu, na hukauka upesi, lakini huufunga unyevu ndani. Ukuta uliopigwa lipu ya saruji huonekana mzuri miaka michache, huku ndani yake udongo ukigeuka tope na chumvi ikiyala mawe. Na nondo za chuma zilizotiwa katika ukuta wenye chumvi hushika kutu, zikavimba, zikaupasua. Aliyetaka kuutia nguvu ukuta ameutia ugonjwa.

Mfano wa heri upo Malindi, Unguja, katika jengo lijulikanalo kwa jina la Zahanati ya Kale. Tharia Topan, tajiri mashuhuri, aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakwisha, na likakamilika mwaka 1894. Baadaye likanunuliwa kwa mali ya Haji Nasser Nurmohamed, likafanywa jengo la kheri: chini watu wakipata dawa, juu pakiwa na vyumba vya kukaa. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 likakosa mtunzaji, likaanza kuoza. Mwaka 1990 lilikodishwa kwa Aga Khan Trust for Culture, likatengenezwa lote, na roshani zake za mbao zilizonakshiwa zikarudi katika uzuri wake. Mti ni ule ule, mawe ni yale yale. Jengo hilo lilistawi kila lilipokuwa na mtu wa kuulizwa habari zake, na lilichakaa kila alipokosekana.

Lamu kuna jambo jingine la kuangaliwa. Desturi ya huko ilikuwa baba kumpa binti yake nyumba au ghorofa anapoolewa, na wikio likavuka njia kuunganisha nyumba za jamaa. Nyumba ilikuwa ulinzi wa mwanamke na kifungo cha ukoo. Lakini tangu miaka ya 1970 wageni kutoka Ulaya wamenunua nyumba nyingi Lamu na Shela, na wengine wao wamezitengeneza kwa uangalifu mkubwa. Hawa hawastahili lawama kwa kununua kilichouzwa. La kusikitisha ni mwenyeji kuuza kwa sababu tu ndugu wameshindwa kukaa kitako na kupatana, kisha mjukuu akalipia kulala katika chumba alichozaliwa nyanya yake. Vile vile yupo auzaye mlango wa nakshi peke yake, ukapelekwa ng'ambo. Nyumba iliyong'olewa mlango huwa kama mtu aliyeng'olewa ulimi: haiwezi tena kueleza ilikuwa ya nani.

Basi, ndugu, mwenye kurithi nyumba na agawane au apatane na wenziwe angali hai, na sehemu ya kodi itengwe kwa ajili ya dari kabla ya mtu kula. Na mwenye kununua na anunue pamoja na haki zote zilizomo ndani: ya mrithi aliye mbali, ya mpangaji aliye karibu, na ya jirani ambaye ukuta wake ni mmoja na wake. Nyumba iliyopatikana kwa njia hiyo hupokea chokaa vizuri, na atakayelala ndani yake atalala usingizi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliozijenga, na awape uwezo wenye nia ya kuzitunza. Wabillahi tawfiq.