Bata Wetu na Jua la Kaloleni
(Maneno tuliyosema mbele ya wafugaji wadogo wa Kaloleni, Arusha)

Watu wa Pwani hutucheka tukilalamikia joto la Arusha. Lakini ninyi mnalijua banda la mabati lililobanana na ukuta wa jirani, saa nane mchana mwezi wa Februari. Bata hatoki jasho. Ukimwona anahema mdomo wazi na mabawa ameyaachia, ujue amezidiwa.

Dawa yake si ghali: kivuli cha mgomba, magunia juu ya bati, upande mmoja wa banda uwe wavu, na maji. Wengi hudhani bila bwawa bata hafugiki. Sivyo. Beseni linatosha, mradi lina kina cha kuzamisha kichwa chote, maana bata husafisha pua na macho kwa maji. Vifaranga wawekewe chombo kifupi chenye mawe ndani, wasizame. Maji machafu sisi humwagia mchicha.

Sasa tuseme lile lililotuumiza. Msimu mmoja wa joto bata wetu alilalia siku 35, akaangua vifaranga 11. Ndani ya wiki moja wakafa 9. Tukalilaumu jua. Tukaongeza kivuli, tukabadilisha maji mara tatu kwa siku, bado wakafa. Kuku walikula chakula kilekile na hawakudhurika, kwa hiyo hatukukishuku. Mwishowe mmoja wetu akatia mkono ndani ya gunia la pumba lililokuwa sakafuni. Chini lilikuwa na vuguvugu, mabonge, na harufu ya uvundo.

Ukungu wa namna hiyo huweza kutoa sumukuvu, na vifaranga wa bata huathirika nayo upesi kuliko kuku. Mwaka 1960 huko Uingereza, chakula cha karanga chenye sumu hiyo kiliua bata mzinga zaidi ya 100,000, na vifaranga wa bata pia.

Tulichoshtuka zaidi ni hiki: pumba ile ilitokana na mahindi yetu wenyewe, na sembe yake ilikuwa ugali wa watoto wetu. Kukoboa hupunguza sumu, kwa kuwa nyingi hubaki kwenye pumba, lakini hakuimalizi. Na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu. Tuliyafukia mahindi yote yaliyobaki, ingawa ilituuma sana.

Siku hizi mahindi tunayaanika juu ya turubai, si juu ya udongo. Magunia hukaa juu ya mbao, mbali na ukuta. Pumba iliyoloweshwa tunatoa kiasi cha kuliwa mara moja, haifiki jioni. Na karanga zilizosinyaa au kubadilika rangi hatuzisagi kwa uji wa mtoto, wala hatumtupii bata.

Wale vifaranga wawili walikua. Jike sasa analalia mayai 14 chini ya mgomba.